Sura ya Nne na Mzizi wa Msangano

Wafiwa wenzangu, majirani wa Itaka na wageni wetu kutoka chuoni, ukoo umenipa mimi Sunday, mdogo wa marehemu, kazi hii nzito ya kuwasomea maisha ya kaka yangu, Brayson Haonga.

Marehemu alizaliwa hapa Itaka tarehe 3 Machi 1961, mtoto wa pili wa Mzee Lusubilo na Mama Ruti, akasoma shule ya msingi hapahapa na sekondari Mbeya, akasomea ukutubi, na mwaka 1988 akaajiriwa katika maktaba ya chuo kikuu. Tarehe 6 Oktoba 1990 alifunga ndoa na shemeji yetu Marta, wakajaliwa Tumpe na Edina.

Mwaka 1996, akifanya utafiti wa shahada ya uzamili, alikaa Msangano kwa Mzee Kashinje, mfugaji na mganga, aliyemwonyesha mzizi unaotibu sumu ya nyoka na mahali unapoota, kwa ahadi kwamba asisome habari hizo mtu ambaye hajafika kwa Mzee mwenyewe kuomba, naye akaziandika katika sura ya nne ya tasnifu yake, akaifungia kabatini huko maktaba.

Mwaka 2012, akiwa mkuu wa maktaba, aliongoza kazi ya kuweka tasnifu zote mtandaoni, nasi tukajivuna mtaa mzima, ila kwa haraka ya kumaliza, kabati lile nalo likafunguliwa, na sura ya nne ikatoka pamoja na nyingine. Mwaka uliofuata malori yalishuka Msangano kutokea Tunduma, watu wameshika kurasa zile zile mkononi, wakachimba mzizi ule wote mpaka yakabaki mashimo. Kaka aliiondoa sura, lakini ilikwisha kunakiliwa kusikofikika, na maji yakimwagika hayazoleki. Mzee Kashinje alimwambia, "Nilikupa wewe, mwanangu, sikuwapa wote." Mimi neno lile liliniogopesha, na bado linaniogopesha.

Tarehe 12 Novemba 2015 alikwenda Msangano kutafuta japo mche mmoja wa kupanda upya, akaumwa na nyoka ndani ya shimo mojawapo, mvua ilikuwa imekata njia, Mzee Kashinje akahangaika porini asipate hata kipande cha mzizi, hospitali wakafika wamechelewa, akafariki alfajiri ya tarehe 13, Marta amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari waliopigana hadi mwisho, majirani mliochimba kaburi kwenye matope, Mzee Kashinje aliyeketi nasi hapa, na ninyi wenzake wa chuoni, mliotuambia jana kwamba sura ile inasomwa huko duniani hadi wiki hii. Mvua zimeanza, watoto wa Msangano wamerudi machungani, majani yamefunika mashimo yenye nyoka, na mzizi hakuna.

Pumzika kwa amani, kaka, sisi amani hiyo bado hatujaiona.