Odiel, Aliyesikiliza Pumzi za Watu Kilimani

Miaka arobaini na moja Odiel Vermandere ametengeneza baiskeli dukani kwetu, hapa chini ya kilima cha Kapelberg, na Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, anavua aproni kwa mara ya mwisho. Wenzetu wameniambia mimi Godelieve nimzungumzie, kwa sababu nafagia hapa na kuchemsha kahawa tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Na zilikuwa nyingi! Nilikuwa naziokota mpaka kwenye kopo la grisi. Haya, tuendelee.

Ujanani alikimbia mashindano ya baiskeli, kombe lake liko pale juu ya kabati, natia kalamu humo. Lakini kinachonishangaza mpaka leo ni gia. Wanaume wa kwetu wana ugonjwa mmoja: kila Aprili mashindano yanapita mlangoni mwao, basi kila mmoja anataka gia nzito za wale vijana, mbele meno hamsini na matatu, nyuma kigia kidogo kama kisosi. Mtu ana kitambi, ana goti bovu, anaendesha Jumapili tu ili akanywe bia! Gia nyepesi anaiona aibu, eti ya kina bibi. Mie ni bibi, ubaya wake sijauona.

Odiel habishani. Anapanda na mteja kilimani, juu ya mawe yale, anamwambia, "Hebu nihadithie ulivyokutana na mkeo." Mtu anaanza. Pale hadithi inapokatika, Odiel ameshajua pumzi yake inaishia wapi. Wakirudi anapunguza meno mbele, anaongeza nyuma, basi. Hana mashine, hana karatasi. Hajawahi kukosea. Ah, mara moja, kwa yule mjane wa posta, lakini yule alikatika kwa kilio, si kwa pumzi.

Sasa Firmin, aliyekuwa mwoka mikate wetu. Alipasuliwa moyo. Daktari akamwambia baiskeli sawa, ila pumzi isimkatike kabisa, la sivyo aiuze. Na Firmin bila Jumapili zake na wenzake, Marleen mkewe aliniambia, angekaa dirishani mpaka afe. Akaja kutaka gia za mashindano. Odiel akakataa kumuuzia.

"Wee Odiel, unaniona mzee?"

"Nakuona unapumua. Nataka uendelee."

Firmin akanuna, akaenda kuzinunua katika mji mwingine. Jumapili akafika nusu ya kilima, akashuka, akasukuma baiskeli mbele ya mkahawa, wenzake wote wako nje na bilauri zao. Mmoja akapiga kelele, "Firmin, mkate umeungua!" Wiki mbili hakutoka ndani.

Odiel hakungoja aitwe. Alikwenda kwake na begi la spana, akafunga mbele meno thelathini na manne, nyuma thelathini na manne. Firmin akaliangalia lile gia la nyuma.

"Hiyo ni sahani kubwa ya kulia kome, bwana! Watanicheka."

"Watatucheka," Odiel akasema. Akamtoa nje, akamwonyesha baiskeli yake mwenyewe. Alikuwa ameifungia sahani kama hiyohiyo. Yeye, mwenye kombe! Mie, niliyekuwa nimekuja kumwona Marleen, nilisimama pale na keki yake mkononi, nikasahau kuila.

Jumapili wakapanda pamoja. Mkahawani wakacheka, kweli, wakamcheka Odiel zaidi, na yeye akawapungia mkono kama askofu. Miguu inazunguka taratibu, Firmin anahadithia: dansi ya sikukuu ya kijiji, mvua, Marleen kapoteza kiatu. Sisi wote hadithi ile tulikuwa tunajua mwanzo wake tu, maana kila mara alikuwa anakatikia kwenye kiatu. Siku hiyo alifika kileleni akiwa bado anaongea, akaimaliza. Kiatu alikuwa amekificha yeye. Marleen, aliyekuwa akingoja nasi pale juu, ndio kwanza anasikia, baada ya miaka arobaini na nne! Akampiga na mkoba, halafu akambusu.

Tangu hapo, wale wa mkahawani wakaanza kuja mmoja mmoja, kupitia mlango wa nyuma, kuulizia sahani.

Asante, Odiel, kwa kila pumzi uliyoisikiliza. Mimi hunena sana, wewe husikiliza. Miaka yote hii hujatuambia hadithi yako hata moja. Basi Jumapili tunapanda nawe, nami nitakungoja kileleni na kahawa. Tunakutakia siku nyingi na gia nyepesi. Na safari hii, anza wewe kuhadithia pale chini, usikatike mpaka unifikie.