Wakili Aliyeingia Mahakamani Kuwa Shahidi

“Maombi Madogo ya Kuongezewa Muda wa Kuomba Kurejeshwa kwa Rufaa Iliyofutwa kwa Kutohudhuria, Kuhusu Uchochoro wa Futi Nne, Temeke.” Baba Mchungaji, wazee wetu, majirani wa Kawe, na ndugu zetu wa Tandika mliodamka mapema kuja huku, hilo ndilo jina kamili la shauri la mwisho la kaka yangu, nami nimelisoma lote kwa kuwa yeye hakukubali lifupishwe, alisema wenzetu wamehangaika sana kulirefusha.

Marehemu Wakili Elibariki Mshana alizaliwa tarehe 14 Agosti 1962 huko Usangi, Upare, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita, mimi Elinaza ninayesoma nikiwa wa nne, niliyempokonya mgongo wa mama. Alisoma shule ya msingi Usangi na sekondari Same, akapitia Jeshi la Kujenga Taifa, ambako alisema alijifunza kulala akiwa amesimama, ujuzi uliomfaa baadaye kwenye korido za mahakama, kisha akasomea sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuhitimu mwaka 1988, akaapishwa kuwa wakili mwaka 1993, akafungua ofisi ya chumba kimoja Tandika, juu ya duka la vitenge, na hapo ndipo alipofanyia kazi hadi nguvu zilipomwisha.

Tarehe 2 Desemba 1995 alifunga ndoa na Benedicta, mwalimu, wakajaliwa watoto wawili, Brightson na Loveness. Wifi yangu atanisamehe nikisema kwamba aliolewa na mtu pamoja na kufuli lake, maana mumewe akirudi jioni na kuulizwa, “Baba Brightson, leo umeshinda na nani?” alijibu, “Na mteja.” “Mteja gani?” “Wa leo.” Basi, ugali unaendelea kuliwa. Ya mteja yalibaki kuwa ya mteja, hata kama mteja mwenyewe alishayatangaza sokoni, nasi tulicheka, tukamzoea, na mtu akishazoeleka kwa ukimya, hakuna anayeitambua siku ambayo ukimya ule umebeba jambo jingine.

Mwaka jana alianza kuumwa kichwa, akasema ni joto. Mwezi Juni rufaa ya Bi Wahiba, mwenye duka la vyombo Temeke, ambaye jirani yake alikuwa amejenga ukuta na kuziba uchochoro pekee wa kuingizia mzigo dukani, iliitwa mahakamani, wakili wake hakuonekana, ikafutwa. Kaka alisahau tarehe, kisha akasahau kwamba amesahau, na alipokuja kushtuka, muda wa kuomba rufaa irejeshwe ulikuwa umepita, na mama wa watu alikuwa mbioni kufunga duka. Wakili mwenzake alimshauri, “Braza, andika mteja alikuwa mgonjwa, mji huu kila mteja huugua wiki ya rufaa.” Kaka akamjibu, “Mama yule mzima kama chuma, nimtie ugonjwa mimi kwa kalamu?”

Mwezi Oktoba, madaktari walimweleza kwamba ana uvimbe kwenye ubongo, na kwamba ndio uliokuwa ukimla kumbukumbu. Alipotoka hospitali alikwenda moja kwa moja dukani kwa Bi Wahiba, akakataa kiti, akamwambia, “Mama, nimekuharibia. Nilikuwa naumwa na sikujua. Hiyo ndiyo sababu ya kweli tuliyonayo, nitaiapia, ila siwezi kuwa wakili wako na shahidi wako kwa wakati mmoja, kwa hiyo nimekutafutia wakili mwingine.” Kisha akarudi nyumbani Kawe, akala, akalala, hakusema kitu.

Jumamosi Bi Wahiba akabisha hodi hapa na hotipoti la uji na mfuko wa machungwa, akasema amekuja kumjulia hali mgonjwa. Wifi akashangaa, “Mgonjwa yupi, dada? Hapa sote wazima, labda kuku.” Bi Wahiba akaelewa mara moja, na kwa kutaka kumsitiri wakili wake, akasema, “Aa, basi nimekosea nyumba, mama Brightson.”

Wifi akajua, maana aliyekosea nyumba hamwiti mwenye nyumba kwa jina, na siku zile hakumsemesha mumewe zaidi ya kumwita mezani. Alipomuuliza hatimaye kwa nini mteja ajue kabla ya mke, kaka alijibu, “Yule nilikuwa na wajibu wa kumwambia. Wewe niliogopa.”

Mwezi Februari mwaka huu, 2025, upande wa pili ulitaka ahojiwe juu ya kiapo chake, akapelekwa mahakamani kwa kiti cha magurudumu, na alipoulizwa kazi yake alisema, “Mgonjwa, mheshimiwa.” Alifariki Jumapili tarehe 9 Machi, asubuhi, nyumbani. Jumanne mahakama ilisoma uamuzi, maombi yamekubaliwa, sasa rufaa inaweza kuombewa kurejeshwa, na wanasheria mliopo hapa mnajua kwamba kwa lugha ya mahakama hayo ni mwendo kasi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomwambia ukweli bila kumtisha, majirani mliofunga maturubai kabla hatujaomba, mawakili wenzake mliogawana mafaili yake bila kugombana, na Bi Wahiba, aliyelala matanga nasi tangu Jumapili na leo amefunga duka kwa hiari yake. Nenda kapumzike, kaka, wateja wako wako mikononi mwa watu.

Wifi ameniomba niseme na hili, msije mkalisikia mtaani kwa namna nyingine. Mume wake alimwambia mteja kwanza, yeye akakasirika, kisha akamuuguza miezi mitano, na asubuhi ile alikuwa amemshika mkono.