Ijumaa za Bibi Ramah Manasseh

Ndugu, jamaa na majirani, mimi Aaron Shellim, mdogo wake marehemu, nimetumwa na familia kusoma maisha yake, nami nitakuwa mfupi, kwa kuwa leo ni Ijumaa, tarehe 4 Agosti 2023, na Sabato haitatusubiri.

Marehemu Ramah Manasseh alizaliwa Kalkuta, mtaa wa Bowbazar, tarehe 14 Machi 1938, mtoto wa kwanza wa Bwana Elias Shellim na Bibi Habiba, akasoma shule ya wasichana wa Kiyahudi hadi mwaka 1954, kisha akawa mpiga chapa katika kampuni ya magunia. Tarehe 23 Juni 1959 aliolewa na Bwana Saul Manasseh, Februari 1967 wakahamia hapa Sydney, mtaa wa Bondi, pamoja na mtoto wao Solomon, na Flora akazaliwa tarehe 2 Mei 1969.

Kazi yake hapa ilikuwa meza ya Ijumaa jioni. Jumapili aliandika majina ya wageni, Jumatatu akapanga vyakula, nani hali samaki, nani amekatazwa chumvi, Jumatano akaenda kwa mchinjaji wetu, na Alhamisi akachemsha viazi ili Ijumaa avikaange vizima. Saul, akirudi kutoka sinagogi, aliita mlangoni, "Mke wangu, nimekuja na wawili tu!" na nyuma yake wamesimama watano, naye akajibu, "Wawili wa Saul nawajua, leteni viti."

Tarehe 16 Novemba 1984, saa kumi alasiri, wageni kumi na tisa wakitarajiwa, Flora alikoroga sufuria ya kuku kwa mwiko uliotengwa kwa vyakula vya maziwa, na kwa kuwa sheria yetu haichanganyi nyama na maziwa, rabi alipopigiwa simu alisema chakula kile kisiliwe. Wageni walikula samaki na mayai, hawakulalamika, lakini tangu siku hiyo marehemu hakumruhusu mtu kugusa sufuria yake, hata alipofiwa na Saul tarehe 11 Februari 2009, hata moyo wake ulipoanza kuugua mwaka 2021, akawa anakaanga viazi ameketi kitini, amechoka, na sote tulimwona, tukala.

Ijumaa iliyopita hakuweza kuinuka. Flora alimwambia, "Mama, leo napika mimi," naye akauliza, "Kwa mwiko upi?" Flora akajibu, "Wa nyama, Mama, nina miaka hamsini na minne!" Marehemu akasema, "Basi mimi leo ni mgeni." Alikula, akasema pilipili haitoshi, akaomba aongezewe, akanigeukia, "Aaron, kumbe hivi ndivyo mlivyokuwa mkikaa. Nimechelewa kujua." Jumatatu alilazwa, na jana Alhamisi alfajiri akafariki, akiwa na umri wa miaka themanini na mitano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, rabi, wale waliomwosha, na majirani, ambao kwa desturi yetu ndio watakaotulisha sisi wafiwa, dengu na mayai vimeshafika, jioni hii hakuna mtu atakayepika nyumbani kwa Ramah.

Dada yangu, umepumzika. Ukae kwa amani.