Mkono wa Fundi Turubai

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu, jamaa, majirani, mafundi wa sokoni, na ninyi vijana mliojaa mpaka mmekosa pa kukaa, mimi niliyesimama hapa ni shangazi yake marehemu, mdogo wa baba yake, tumbo moja, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, si kwa sababu nasoma vizuri, macho yenyewe mnayaona na miwani yake, bali kwa sababu marehemu mwenyewe alinitaka mimi, akasema shangazi hana aibu. Nitasoma taratibu na sitaruka kitu, na wadogo zangu nimeshawaambia asinivute mtu gauni, kwa maana marehemu ameacha agizo moja, kwamba siku ya kumzika, jina la mtu mmoja aliyeketi katikati yetu lisafishwe mbele ya watu walewale waliolichafua, na agizo hilo lisipotimia leo halitatimia tena.

Mpendwa wetu, ambaye wengi wenu hamkumjua kwa jina jingine zaidi ya Turubai, alizaliwa tarehe 14 Machi 1978, mtoto wa pekee wa mama yake mzazi, baba yake akiwa seremala, mzee wa kanisa na kiongozi wa kwaya, mtu aliyeheshimika mpaka watoto wa mtaani waliacha mpira alipopita. Alizaliwa mchana kweupe, akalia kwa nguvu kiasi kwamba mkunga alitania kuwa huyu ama atakuwa mhubiri ama mpiga debe, na kwa kweli akawa vyote viwili. Mama yake alifariki tarehe 9 Agosti 1981, mtoto akiwa na miaka mitatu, na mwaka 1983 baba yake alioa tena, akamleta wifi yangu katika nyumba ile ya vyumba viwili, yenye vumbi la mbao mpaka ndani ya sufuria, na kazi ya kwanza aliyoifanya bibi harusi, kabla hata hajafungua sanduku lake, ilikuwa kumkalisha mtoto kati ya magoti na kumchambua vumbi la mbao kichwani. Kabla wiki haijaisha mtoto alikuwa anamwita Mama, na hakuna aliyemfundisha.

Alianza darasa la kwanza mwezi Januari 1985, na kwa nusu mwaka tu alisoma kama watoto wengine. Tarehe 2 Juni mwaka huohuo, siku ya Jumapili, alichezea funguo za kanisa zilizokuwa zikitunzwa pale nyumbani, zikamponyoka zikatumbukia chooni, na kwa kosa hilo alipigwa kwa ubao, akainua mkono wa kushoto kujikinga kichwa, mkono ukavunjika kwenye kiwiko. Aliyempiga nitamtaja nikifika mahali pake, maana ndivyo nilivyoagizwa. Wifi yangu ndiye aliyembeba mgongoni mpaka zahanati, huku akivuja jasho na machozi, na alipoulizwa mtoto amefanywa nini, akajibu, “Nimemsukuma mimi, bahati mbaya.” Muuguzi aliyeisikia kauli hiyo alikuwa mwana kwaya wa kanisa letu, ameshatangulia mbele za haki na simsemi kwa ubaya, lakini kufikia ibada ya jioni habari ilikuwa imeshazunguka mabenchi yote, na kila mtu alitikisa kichwa akisema si unajua tena, mama wa kambo.

Mfupa uliunga vibaya, kiwiko kikagoma kunyooka mpaka leo alipolala humu ndani ya jeneza. Tangu siku ile mtoto hakupigwa tena pale nyumbani, lakini na baba yake hakumsemesha tena, zaidi ya lete maji na funga mlango, na mtoto kwa akili za kitoto akaona nyumba nzima imenyamaza kwa sababu yake. Akiwa darasa la sita, mwaka 1990, alitoka na daftari zake asubuhi na hakufika shule wala hakurudi. Aliishi sokoni, nyuma ya vibanda vya mitumba, akajifunza kuvuta gundi, akajifunza kutembea na wembe shavuni, na mkono ule uliopinda ukapata kazi, maana ulipita vizuri kwenye dirisha lenye nondo. Wifi yangu alimfuata huko kila Jumamosi na bakuli la chakula lililofunikwa kwa sahani, mtoto akajificha, naye akaliacha bakuli kwa muuza mitumba na wiki iliyofuata akalikuta tupu. Watu walimwona, wakasema anajikosha, amemfukuza mwenyewe halafu anajitia huruma. Jamani, mdomo hauna likizo.

Usiku wa tarehe 20 Agosti 1994, akiwa na miaka kumi na sita, alichana kwa wembe ubavu wa hema la mkutano wa injili uliofanyika kiwanjani, akitaka spika, akakamatwa na mlinzi, na vijana wakataka kummaliza palepale. Aliyemwokoa ni fundi wa maturubai, mzee mkali aliyelishona hema lile, ambaye hakuwa hata mlokole wakati huo. Akawaambia vijana, “Mkimvunja na huo mkono mwingine, hema langu atalishona nani?” Siku ya pili mchana, mkutano ukiendelea ndani, Turubai alikalishwa nje juani na sindano ya gunia na uzi wa nailoni, akashona mchano wake mwenyewe huku neno likihubiriwa upande wa pili wa turubai, akashona akafumua, akashona akafumua, fundi akisimama nyuma yake na kumwambia huo si mshono, hiyo ni njia ya mbuzi aliyekata kamba. Alitusimulia mara nyingi kwamba aliokoka akiwa nje ya hema, sindano mkononi, bila mtu kumwita mbele wala kumwekea mikono, na kwamba alipomaliza kiraka aliingia ndani na kukaa chini kati ya watu. Alibatizwa tarehe 18 Desemba 1994.

Kuhusu kazi, alibaki kwa fundi huyo, akalala juu ya marobota, akajifunza kukata, kupiga vitundu vya kamba na kuendesha cherehani kubwa ya miguu, na ule mkono ambao shule ulimfanya achekwe, kwenye cherehani ulikaa kama umepimwa, kiwiko kikibana turubai zito na vidole vikilisukuma chini ya sindano. Mchungaji alipenda kumtania kwamba ufundi huu una heshima tangu enzi za mitume, naye akajibu kwamba mitume hawakudaiwa kodi ya kibanda. Alimaliza elimu ya msingi kwa masomo ya jioni mwaka 1999, akapata cheti cha uinjilisti mwaka 2004, na tarehe 6 Machi 2005 kanisa likamsimika kuwa mwinjilisti wa vijana, kazi aliyoifanya kwa miaka karibu ishirini. Hata turubai hili mliloketi chini yake alilishona yeye, angalieni pembe zake kama mtaona uzi unaoning'inia.

Tarehe 7 Septemba 2002 alifunga ndoa na mwalimu wa chekechea, ambaye ndiye huyu mkwe wetu tunayemlilia pamoja naye leo, na aliyemkubali kwa sharti moja tu, kwamba asimhubirie wakati wa kula. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa 2004 na kijana aliyezaliwa 2008. Watoto hao walimjua bibi yao, huyu wifi yangu, vizuri kuliko mlivyomjua ninyi.

Sasa sikilizeni. Katika mikutano yake yote, ninyi vijana mnakumbuka, Turubai alianza kwa kuinua mkono huu wa kushoto, unapinda pale juu, halafu anasema, “Mkono huu ulivunjiwa nyumbani kwetu, na aliyeuvunja nimemsamehe.” Hakumtaja mtu hata siku moja, alidhani kutotaja ndiko kustahi. Lakini watu wakiachiwa nafasi wanaijaza wenyewe, na kila aliposema maneno hayo shingo ziligeuka, zikamtafuta wifi yangu, ambaye alihudhuria mikutano yote na kukaa benchi la mwisho karibu na mlango, akiitikia Amina kama wengine. Yeye mhubiri alikuwa amefumba macho, hakuziona shingo.

Aliziona mwezi Aprili 2023. Binti wa miaka kumi na minne alimfuata baada ya mkutano, amekonda, akamwambia kwamba siku nne hali chakula kinachopikwa na mama yake wa kambo na anapanga kutoroka, kwa sababu hao wote ni walewale, “si hata wewe mwinjilisti wako alikuvunja mkono.” Akamuuliza, “Nani kakwambia?” Binti akamshangaa, akasema kila mtu anajua. Mkwe wetu anasema siku hiyo alirudi nyumbani akakaa kwenye cherehani bila kuwasha taa, na alipoulizwa alisema ushuhuda wake wa miaka yote amekuwa akimpigia nao mama yake. Kesho yake alimpeleka binti yule kwao kwa mkono wake na kukaa na familia mpaka akaona amekula.

Alikwenda kwa wifi yangu, akapiga magoti jikoni kati ya sufuria, akamuuliza kwa nini alisema vile zahanati. Wifi alijibu bila kuacha kuchambua mchele, “Wangemfunga, mwanangu. Wewe ungekula nini?” Turubai akasema atalitangaza kwenye kongamano la vijana la Desemba, naye wifi akamkatalia kabisa, akasema, “Mimi nimeshazoea. Yeye hatakuwa na pa kuweka uso.” Wakabishana mwaka ule wote, mtoto akitaka kusema na mama akimziba mdomo, na wiki mbili kabla ya kongamano, tarehe 27 Novemba 2023, Turubai alianguka kwenye cherehani, akafikishwa hospitali, ikagundulika figo zake zote mbili zimechoka.

Aliugua mwaka mmoja na ushei, akisafishwa damu mara mbili kwa wiki, na aliyekaa naye kwenye kiti cha bati kando ya kitanda siku hadi siku ni wifi yangu, akimkanda miguu, na hata mle wodini nilisikia kwa masikio yangu wageni wakinong'ona kwamba sasa ndiyo anajutia. Nilitaka kumvua mtu wigi, wifi akanishika mkono. Mwezi Januari mwaka huu baba yake alifika, akasimama miguuni pa kitanda na kofia mkononi, na Turubai akamwambia, mimi nikiwepo, “Baba, sitaki kulisema mimi. Nataka ulitoe wewe, nikiwa hai au nikiwa nimekufa.” Kaka yangu aliitazama ile kofia, akaivaa, akatoka, na hakurudi tena hospitali. Turubai alimngoja. Kila mlango ulipofunguliwa aligeuza kichwa, na ndivyo alivyokuwa, uso umeelekea mlangoni, alipotutoka alfajiri ya tarehe 9 Februari 2025, akiwa na miaka arobaini na sita.

Juzi alasiri familia ilikaa kuandika historia hii. Tulipofika mwaka 1985, wadogo zangu walisema tuandike kwamba marehemu alianguka, tusiaibishane mbele ya kanisa, na kalamu ilikuwa tayari inaandika. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kugombana nao. Ndipo kaka yangu akasema kutoka pale mlangoni alipokuwa amekaa, “Hakuanguka. Nilimpiga. Nilimpiga mimi, kwa ajili ya funguo.” Halafu akasema, “Isome hivyohivyo.” Nimeisoma. Yuko hapa mbele yenu, mzee wa miaka sabini na tisa, na sijaongeza neno wala kupunguza. Nina hasira nawe, kaka, najua unanisikia, na kesho nitakuja kukupikia uji kama kawaida.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliolala nasi hapa uwanjani, mafundi wenzake wa sokoni waliofunga vibanda leo, mchungaji na kanisa, na vijana waliojitolea damu. Yule binti nimemwona, amekuja chini ya mwavuli mmoja na mama yake wa kambo, nao tunawashukuru kwa kufika.

Muda mfupi ujao wazazi wa marehemu wataitwa kutupa udongo wa kwanza. Kwenye ratiba mlizopewa imeandikwa baba peke yake, kwa kuwa mama mzazi hayupo. Ratiba imekosea. Wifi, nakuona huko nyuma karibu na mlango wa hema, na safari hii wote wakugeukie, wakutazame vizuri. Inuka, uje ukae hapa mbele, kiti chako kipo.

Nawe Turubai, pumzika sasa kwa amani, usiangalie tena mlangoni, mama yako anakuja.