Gaju Alivyoruka Ukuta wa Birere

Wamama wenzangu, mumeniita nisimame, nimesimama. Nitasema kitu ambacho Mungu alinionyesha kwa macho haya, na majina ya watu nimeyaacha nyumbani.

Mimi ni mutoto wa wafugaji wa Masisi. Vita ilikula ng'ombe zetu zote, halafu ikakula bwana yangu. Nikashuka Goma na mutoto wangu mumoja, mwanamuke, nikapata kazi kwa muzungu mumoja karibu na ziwa. Alikuwa na farasi wa konkuru, ile michezo yao ya kuruka vizuizi. Mimi sikuwahi kuiona hiyo michezo. Siku waasi walipokaribia muji tena, muzungu alipanda gari, akaniwekea kamba ya farasi mukononi: "Mama, nakuachia. Nitarudi."

Nyie munajua vile ni kwetu: munyama uliyeachiwa, unamulinda mpaka mwenyewe atume mutu. Humuuzi, humuchinji. Basi nikamulinda. Lakini mimi nilijua ng'ombe tu! Alikuwa wa rangi ya kahawia, nikamuita Gaju, kama tunavyoita ng'ombe wa rangi hiyo. Jioni nikamuwashia moshi wa kufukuza nzi, vile baba alikuwa anafanya kwenye zizi. Wee! Alipiga mateke mpaka mulango ukang'oka na bawaba zake. Chekeni tu, hata mimi nacheka sasa. Nikaacha moshi, nikaanza kumusifu kwa maneno ya ng'ombe, yale baba alikuwa anasema akikamua: weye mwenye shingo ndefu, weye unayetembea na wengine wanakupisha. Masikio yake yakasimama, akaweka pua yake begani kwangu. Nililia, kwa sababu tangu bwana yangu afe hakuna kiumbe kilichoniegemea vile.

Miaka ikapita, muzungu hakurudi wala kutuma mutu, na njaa haikutuacha. Nilikuwa nauza makala ya kupikia, nakata majani ya Gaju, na kuna siku mutoto alilala na chai bila sukari. Mama mukwe wangu, aliyekuwa anakaa mutaa wa Birere kwa shemeki yangu, ndugu ya marehemu, alikuja akamuangalia Gaju toka kichwa mpaka mukia.

"Hakamuliwi, haliwi," akasema. "Na mujukuu wangu ana njaa! Kati ya huyu na mutoto, chagua."

"Mama, si wangu nimuuze."

"Basi mutoto ni wetu."

Walimuchukua siku ile ile. Ndugu zangu, nawaambia, nilikaa kwenye majani nikashindwa hata kusali. Nikienda kumuona alikuwa anajificha, sababu watoto wa pale walimuita mutoto wa mama punda.

Halafu mulima wa volkano ukapasuka. Muchana mweupe, jua likapotea kwenye moshi. Kila mutu alikimbia kwake, na mimi nilikuwa na wazo moja tu: mutoto wangu yuko Birere, na moto unashuka upande ule. Nikamufungua Gaju, tukaenda. Barabara ilijaa magodoro, mbuzi, wazee, askari. Lakini wakiona munyama mukubwa vile, na mwanamuke mudogo kama mimi anamuvuta kwa kamba, waliachana wenyewe wakatupa njia. Hata askari walisogea. Sikuomba mutu.

Kwa shemeki nilimukuta mama mukwe amekaa chini, miguu imevimba, hawezi kusimama. Shemeki alikuwa ameenda kutafuta chukudu, ile baiskeli ya mbao, ya kumubebea, na moto ukamukatia njia ya kurudi. Mutoto wangu angeweza kukimbia na majirani. Hakukimbia. Alikuwa amemushika muzee mukono.

Tulimupandisha kwenye pipa, kutoka pipa mpaka mugongoni kwa Gaju, na mutoto nyuma yake amemushika kiuno. "Weye punda, usiniangushe," mama mukwe alisema. Gaju akatembea polepole kama mutu aliyebeba mayai. Tukafika mwisho wa njia: ukuta wa mawe ya volkano, unanifika kifuani. Nyuma yetu moto ulikuwa umeshaingia kwenye kona, unatambaa, unakula nyumba, na mabati yanalia.

Ng'ambo ya ukuta, mama mumoja nisiyemujua alitupa chini godoro lake, kitu pekee alichookoa. "Leteni muzee!" akasema. Mama mukwe akateleza kutoka mugongoni mpaka juu ya ukuta, kisha akaanguka kwenye godoro. Mutoto akafuata. Mimi nikapanda, na nikiwa juu nikamutoa Gaju kamba ya shingo. "Genda, Gaju," nikamuambia kwa Kinyarwanda. "Nenda. Nimeshindwa."

Nikashuka. Yeye akageuka, akaelekea kwenye moto. Nikachuchumaa chini ya ukuta, nikafunika uso. Kisha nikasikia kwato. Kumbe alikuwa anatafuta tu nafasi ya kukimbilia! Akaja, akaja, na mbele ya ukuta akajikunja, akapanda hewani. Tumbo lake lilipita juu ya kichwa changu. Miaka yote ile nilikuwa namulinganisha na ng'ombe wa maziwa, na yeye alizaliwa kwa ajili ya kitu hiki. Ardhi inatetemeka, muji unaungua, na watu waliokuwa wanakimbia wakasimama, wanaangalia. Mutu mumoja alisema, "Mungu wangu," basi. Mimi nilipiga magoti kwenye majivu.

Asubuhi, Gisenyi upande wa Rwanda, kwenye uwanja tulipolala na wakimbizi wengine, shemeki alitupata. Alimukumbatia mama yake, akamushika mutoto mukono. "Twende."

Mama mukwe akasema, "Muache. Ni mimi nilisema atoke kwa mama yake. Leo ni mimi nasema arudi."

Mutoto hakungoja maneno yaishe. Alikuja akakaa katikati ya miguu yangu, akaniomba nimufundishe yale maneno ya kumusifu Gaju.

Namushukuru yule mama wa godoro, popote alipo. Nawashukuru nyie muliotusimamishia nyumba ya mbao juu ya mawe yaliyokuwa bado na joto. Na funzo langu ni hili: ukipewa kiumbe, munyama ao mutu, na huoni faida yake, usiharakishe kusema hana. Labda bado hujaona siku yake.

Namushukuru zaidi mama mukwe. Shemeki alimutengenezea chumba kizuri, akakikataa. Alikaa na mimi mpaka Mungu akamuita, kitanda chake karibu na dirisha la kuangalia zizi, na kila asubuhi alimusalimia Gaju kwanza, mimi baadaye. Sikukasirika hata siku moja.