Maharagwe ya Mama Mkwe

Benchi yetu ya mtaa wa Obunga, Kisumu, iko kati ya kibanda cha Gordon, fundi wa baiskeli tunayemwita Injinia, na duka la nafaka la Ndegwa, ambaye jina lake hapa ni Ratili. Mimi huuza chai ya rangi mbele ya benchi hiyo. Mzee Joram, yaani Redio, ndiye hukaa tangu asubuhi mpaka jioni. Jumamosi hiyo, kando ya birika, nilikuwa na jiko la pili na sufuria ya maharagwe. Mama mkwe wangu, Mama Dorca, alikuwa anakuja kutoka Otonglo kula kwangu mara ya kwanza tangu niolewe. Kwetu mama halali nyumba ya mwanawe, kwa hivyo ilikuwa ni chakula cha mchana au basi. Maharagwe yaliingia motoni saa moja asubuhi. Kufika saa saba, yalikuwa bado kama kokoto.

Injinia: Mama Awuor, weka nati moja ya baiskeli humo ndani. Chuma inashika joto.

Ratili: Usimwekee mama wa watu grisi kwa chakula.

Injinia: Nati nimeosha. Na hii maharagwe ni yako, Ratili. Ni ya mwaka gani?

Ratili: Ya juzi, kutoka Nyeri. Shida ni maji. Maji ya ziwa inabembeleza maharagwe. Ya kwetu ni baridi, maharagwe inaogopa, inaiva.

Redio: Sivyo. Maharagwe ya mlima imezoea ukungu. Ukiileta kwa jua ya Kisumu, inajifunga kama mtu amevaa koti tatu.

Injinia: Omera, ndugu yangu, nani anavaa koti tatu kwa jua?

Redio: Ndiyo nasema haina akili.

Mimi: Wazee, nisaidieni. Nimeweka magadi, nimeongeza makaa. Mama atasema mtoto wake analishwa mawe.

Ratili: Basi ni kelele. Maharagwe ikisikia watu wakibishana, inangoja kujua nani atashinda.

Walicheka, nami nikacheka kidogo. Lakini makaa niliyoongeza yalitoka kwa Injinia, na hakuyataja. Na Redio alikuwa amekaa upande wa upepo tangu asubuhi, koti lake limetandazwa magotini, moto wangu usiyumbe.

Mama Dorca alifika saa nane. Walimpa nafasi katikati ya benchi, nami nikampa chai. Kila mmoja akamweleza kwa heshima kwa nini maharagwe hayaivi. Aliwasikiza mpaka mwisho.

Mama Dorca: Ni nani kati yenu amewahi kupika maharagwe?

Injinia akaanza kuhesabu spoku za gurudumu. Ratili akakumbuka mteja ambaye hakuwepo. Redio akanyoosha kikombe, lakini birika lilikuwa tupu.

Mama akachota harage moja, akalibonyeza kwa vidole. Halikupasuka. Nikaangalia chini.

Mama Dorca: Nyathina, mwanangu, umesimama hapo tangu saa ngapi?

Mimi: Saa moja, Mama.

Mama alimwaga maji, akafunga sufuria kwa leso yake, akasokota kitambaa cha kubebea sufuria kichwani.

Mama Dorca: Kwangu kuni ziko, yataiva. Kesho mkitoka kanisani, uje na mume wako na mtoto. Tutakula huko.

Injinia alimbebea sufuria mpaka barabarani. Nami nikakaa kwenye benchi, mara ya kwanza siku hiyo. Wazee walisogea bila kuambiwa.