Mama Tena Anakabidhi Chaki

Ijumaa tarehe thelathini ya mwezi huu, saa kumi kamili jioni, Mama Tena, mpimaji wetu wa breki, atavua ovaroli na kustaafu, baada ya kuitumikia karakana yetu ya trela za kukodi kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Saa kumi kamili tumeiandika kwa matumaini tu. Katika miaka yote hiyo hakuna kazi aliyoimaliza kwa saa iliyopangwa, na mashahidi ni wateja waliomsubiri getini mpaka wakajuana hadi majina ya watoto wao.

Mwandishi wa wasifu huu ni fundi umeme wa karakana, msaidizi wake kwa miaka kumi na mmoja, na ndiye anayetajwa kurithi nafasi yake. Hii ni rasimu ya tatu. Mbili za kwanza alipelekewa azisome kabla ya kuchapwa humu jaridani, na zote mbili zilirudi zikiwa na neno moja lililoandikwa kwa chaki juu ya karatasi: TENA. Kasoro iko wapi, hakueleza. Hajawahi kueleza.

Alianza hapa kama mfagiaji. Kwa kuwa mfagiaji huinama kuliko fundi, aliona chini ya trela mambo ambayo mafundi waliosimama na vikombe vyao vya chai hawakuyaona. Siku moja akamwambia fundi mkuu wa wakati ule kwamba trela aliyoipitisha asubuhi inashika breki upande mmoja. Fundi mkuu akamwambia ashike ufagio wake. Jioni trela ilikwenda kulala ubavuni kwenye mtaro mita hamsini kutoka getini, ikiwa na viti mia tatu vya kukodi. Mwezi uliofuata ufagio ulipata mwenyewe mwingine.

Watu wa nje hudhani Tena ni mtoto wake. Watoto wake wanne wana majina mazuri tu. Jina hili lilizaliwa kwenye njia ya majaribio nyuma ya karakana, kile kimteremko cha lami chenye mstari wa chaki anaouchora upya kila asubuhi. Dereva hupewa trela ikiwa na mzigo wake, maana Mama Tena anaamini kwamba trela tupu hata dua inaisimamisha. Hushuka kwa mwendo wa mtu anayekimbia, mguu mbali na pedeli, halafu hubonyeza breki ya trela peke yake. Trela ikivuka mstari, nguvu ya breki huongezwa kidogo, tena. Magurudumu yakiburuza na kutoa moshi, hupunguzwa, tena. Ikisimama vizuri kabisa, basi tena, ajue kama haikuwa bahati.

Meneja wetu aliwahi kuja kuona kwa macho yake kwa nini pikapu moja inachukua asubuhi nzima. Alipanda kiti cha mbele na kikombe cha chai mkononi, akiwa na hakika kwamba safari ya mita sitini haimwagi chai. Ilimwaga. Mama Tena alimpa kitambaa cha kufutia grisi, akampongeza kwa kusaidia kupima, kisha akapunguza nguvu ya breki kwa nukta moja. Tangu siku hiyo meneja hunywa chai ofisini, mlango ukiwa umefungwa.

Miaka minne iliyopita uongozi ukatuletea maendeleo. Waya wa breki kutoka kwenye gari hadi kwenye trela uliondolewa, pakaja kisanduku kinachofungwa mbele ya trela na rimoti inayokaa karibu na usukani. Muuzaji alikuja na viatu vya ncha kali, akasema kazi nzima ni dakika tano: funga kisanduku, chomeka plagi, iunganishe rimoti na kisanduku chake, ukiona taa ya kijani umemaliza. Uongozi ulipiga makofi. Mama Tena aliuliza kama taa ya kijani ina uzito gani ikiwekwa nyuma ya tani mbili. Kisha akampa muuzaji usukani. Alishuka kimteremko mara kumi na tisa. Mara ya tatu miwani iliruka, mara ya kumi aliomba maji, na jioni aliondoka viatu vyake vikiwa mkononi. Rimoti zake ni nzuri, tunakiri. Mama Tena mwenyewe alizipenda kuliko sisi, ila hakupunguza hata mshuko mmoja. Wengine tulipunguza.

Hapo ndipo rasimu ya kwanza iliposema "palitokea hitilafu ndogo ya mawasiliano", ikarudi. Rasimu ya pili ikasema "fundi mmoja alipitiwa", nayo ikarudi. Mwandishi amechoka kujiita mwandishi. Fundi huyo ni mimi.

Ilikuwa asubuhi ambayo Mama Tena alikuwa amekwenda kung'olewa jino. Mteja mwenye kiwanda cha barafu alikuwa getini akisubiri jenereta, na barafu, kama alivyonikumbusha kila dakika mbili, haijui kusubiri. Trela mbili za aina moja zilikuwa uani, kila moja imefungwa kwenye pikapu yake na ina kisanduku kipya mbele. Kuijulisha rimoti kisanduku chake ni kazi ambayo karakana nzima huiita kufunga ndoa. Nikafunga ndoa haraka haraka. Nikabonyeza, nikatoa sikio dirishani, nikasikia breki zikinguruma "ng'iii", taa ikawaka kijani. Kwenye kadi ya majaribio, pale palipoandikwa "imejaribiwa ikitembea, na mzigo", nikaweka alama ya vema. Chini yake nikakoroga saini inayofanana na ya Mama Tena, maana yangu isingepita getini.

Ndoa niliyofunga ilikuwa ya mke wa jirani. Ng'iii niliyoisikia ilitoka kwenye trela ya pili, ile iliyokuwa ukutani. Trela ya jenereta haikuwa na breki kabisa, na nje ya geti letu barabara inateremka moja kwa moja hadi sokoni. Dereva alikuwa mdogo wangu, kitindamimba wa kwetu, niliyemtafutia kazi hapa kwa mkono wangu mwenyewe na kumwambia mama yetu asiwe na wasiwasi.

Pikapu ilipofika getini, Mama Tena naye alikuwa anarudi kwa miguu, shavu limevimba na pamba imejaa mdomoni. Alisimama katikati ya geti. Kusema hakuweza. Alichukua kadi, akaitazama saini yake ambayo hakuiandika, akamwonyesha mdogo wangu kwa kidole: bonyeza. Akabonyeza. Trela ya jenereta ikanyamaza kimya, na kule ukutani, mita thelathini nyuma, ile nyingine ikaitika kwa adabu. Mteja alianza kufoka. Mama Tena akatoa chaki mfukoni, akaandika kwenye boneti kwa herufi kubwa neno mnalolijua.

Mdogo wangu alishuka kimteremko mara saba asubuhi ile. Mimi nilikaa kwenye tairi bovu, nikahesabu kila mshuko. Mama Tena hakunipigia kelele wala hakunipeleka kwa meneja. Kadi aliikunja akaitia mfukoni. Pamba ilipotoka mdomoni jioni alinipa sentensi moja: breki haijaribiwi gari likiwa limesimama. Kwa miaka minne nilingoja siku atakayoitoa kadi ile, na kwa miaka hiyohiyo nilikuwa wa kwanza kucheka mtu akimwita mama wa kuchelewesha. Niliona haya kila mara, na bado nilicheka.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Uongozi ukiona kwamba aliyeghushi saini ya mkubwa wake hafai kukaa kwenye kiti chake, una haki, na nitarudi kwenye waya zangu bila kinyongo. Lakini kwa yeyote mtakayemweka, nina neno moja. Tumesikia kwamba kuanzia Jumatatu kile kimteremko kitapigwa rangi na kuwa maegesho ya magari ya wakubwa. Kabla hamjanunua rangi, tafadhali shukeni sokoni mkaangalie ni watu wangapi hukaa mwisho wa barabara ile saa nne asubuhi. Mimi nimekwenda nikawahesabu, nikaishia njiani kwa sababu ya macho kujaa machozi.

Uongozi umemwandalia mstaafu zawadi ya saa kubwa ya ukutani, mzaha ambao nadhani haukukusudiwa. Mumewe, fundi cherehani, amekwishapiga simu ofisini mara mbili kuuliza kama sheria ya kustaafu haiwezi kuangaliwa upya, kwa kuwa tangu wiki iliyopita kila kifungo anachoshona kinavutwa na mkewe mara tatu kabla ya nguo kuruhusiwa kutoka. Baba, vumilia. Sisi tumevumilia, na tuko hai.

Rasimu hii ilipelekwa kwake jana. Imerudi leo asubuhi, na juu ya karatasi hakuna neno lolote. Ndani ya bahasha mlikuwa na ile kadi ya zamani, na kipande cha chaki.

Mama, asante kwa kunirudishia mdogo wangu akiwa mzima. Wafanyakazi wote tunakutakia mwaka mwema wa kukaa bila haraka. Na huo ukiisha, tena.